Barua ya wazi kwa viongozi wa Mtwara: mtihani ni Novemba, na Novemba ni korosho

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mtwara, waheshimiwa wakuu wa wilaya, wabunge wetu, wakurugenzi wa halmashauri, na wenyeviti na mameneja wa vyama vikuu vya ushirika.

Waheshimiwa, shikamooni.

Mimi ni karani wa mizani katika chama cha msingi kimoja, yaani ushirika wa wakulima wa korosho wa kijijini, huku Newala. Msimu ukifika, kazi yangu ni kupima magunia, kuandika kilo, kumkabidhi mkulima karatasi yake na kujibu maswali. Msimu ukiisha narudi shambani kwa mama na kwenye biashara yangu ndogo ya vitenge. Nawaandikia kuhusu shule, ila si shule ya watoto. Hiyo inazungumzwa kila siku na kazi imeonekana: Januari 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne, mwaka 2022 ikafutwa na ya kidato cha tano na sita, madarasa yamejengwa. Nawaandikia kuhusu sisi tuliotoka shuleni kabla ya wakati, tuna kazi, wengine tuna watoto, na shule bado tunaitaka.

Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba. Watoto wa shule na sisi watahiniwa wa kujitegemea tunaufanya siku zilezile, na wa QT, mtihani wa maarifa kwa wasiopita sekondari, humohumo. Sasa Novemba huku kwetu kuna nini? Minada ya korosho imeanza tangu Oktoba, malori yamepanga foleni kwenye maghala makuu, na kila mwenye mikono, awe na shamba lake au awe kibarua wa kuokota, yuko chini ya mikorosho kuanzia alfajiri. Ndiyo miezi ambayo mtu wa Mtwara anaipata fedha ya mwaka mzima. Akikosa hapo, hadi mwakani. Mimi mwenyewe niliufanya mtihani wa Hisabati asubuhi, mchana nikarudi kwenye mizani kwa sababu foleni ya wakulima ilikuwa imefika barabarani na mwenyekiti alikuwa ameshaanza kulalamika. Wenzangu wawili hawakutokea kabisa. Ada ya mtihani walikuwa wameshalipa.

Sisemi Baraza la Mitihani liusogeze mtihani wa nchi nzima kwa ajili ya mikorosho. Tukianza hivyo, watu wa pamba nao watakuja na mwezi wao. Ninachosema ni kwamba kalenda ya elimu na kalenda ya korosho hazijawahi kukalishwa pamoja hapa mkoani, na wenye uwezo wa kuitisha kikao hicho ni ninyi.

Uangalieni mwaka wetu ulivyo. Januari na Februari watahiniwa wa kujitegemea tunajiandikisha, na kwa bahati nzuri hapo malipo ya minada ya mwisho huwa bado yapo mkononi. Huo ndio wakati pekee ambao mambo mawili haya yanakutana. Machi mpaka Mei ni mvua, palizi, mihogo na mbaazi, na mfukoni hakuna kitu. Kuanzia Mei hadi Agosti ni salfa na viuatilifu vya maji: hata pale ambapo pembejeo zinatolewa kwa ruzuku, bado kuna vibarua wa kupuliza, mafuta ya mashine na maji. Maji huku juu Makonde tunanunua kwa ndoo, mnajua. Kwa hiyo miezi hiyo nyumba inatoa fedha bila kuingiza. Na miezi hiyohiyo, Juni hadi Agosti, ndipo kijana aliyemaliza kidato cha sita anatakiwa ahakiki cheti cha kuzaliwa, alipe shilingi 30,000 za maombi ya mkopo wa elimu ya juu, aombe chuo na alipe ada ya maombi ya chuo pia. Anayetaka ufundi naye anaitwa kuchukua fomu wakati uleule wa ukame wa mifuko. Chuo kinafungua Oktoba au Novemba, kinataka ada ya mwanzo, godoro, chumba na nauli, na korosho ya baba bado iko ghalani inasubiri mnada.

Hapo katikati ndipo kangomba, mnunuzi wa korosho wa magendo, anapoingia.

Naomba nikae kidogo kwenye jambo hili, kwa sababu nimeona viongozi wengi wakilizungumza kama tabia mbaya ya wakulima. Mwezi wa Agosti mkorosho una maua na vidole vichanga vya korosho. Mzazi anahitaji laki tatu mwanawe asikose nafasi ya chuo. Benki inamtaka dhamana, na shamba lake la urithi halina hati. Chama cha msingi hakina fungu la kumpa. Anakuja mtu na fedha taslimu, anamwambia, mzee, usihangaike, chukua, utanilipa korosho msimu ukianza. Anachukua. Anapolipa, kilo aliyohesabiwa kwa bei ya kutupa inauzwa mnadani mara mbili au tatu ya hapo, na faida yote inakwenda kwa mwenye fedha. Wazazi wengine wanafika pabaya zaidi: wanakodisha mikorosho yenyewe kwa mwenye fedha, msimu mmoja, miwili, mpaka mkopo uishe. Baba mmoja wa kijiji cha jirani, binti yake sasa ni muuguzi, nashukuru Mungu; lakini mikorosho aliyoikodisha kumsomesha huyo binti ilimrudia imezeeka, haijapaliliwa wala kupulizwa, na wadogo wa huyo binti hawajapata wa kuwasomesha.

Kangomba imepigwa vita kwa kila namna. Mwaka 2018, serikali iliponunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, timu za uhakiki zilizunguka vijijini kutafuta wauzaji wasio na mashamba. Zikaondoka, na Agosti iliyofuata mwanafunzi alitaka ada kama kawaida. Polisi hawawezi kuziba pengo la ada.

Chama cha msingi kinaweza. Mimi ninaandika daftari. Nikifungua, nitawaambia mkulima fulani ameleta kilo ngapi kwa misimu yote niliyokaa pale, nani mavuno yake hayayumbi, na nani ana deni. Hakuna benki yenye taarifa hizo. Kwa nini basi chama kisitoe kitangulizi cha elimu mwezi wa Agosti, kiasi kidogo cha yale ambayo mkulima ameyazoea kuleta, fedha iende moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo au ya kituo cha masomo, kisha ikatwe kwenye malipo ya mnada wa kwanza? Msiniambie kukata ni kugumu. Kwenye karatasi ya malipo ya mkulima kuna ushuru wa halmashauri asilimia 3, kuna tozo ya chama cha msingi, ya chama kikuu, kuna ghala, kuna usafirishaji, kuna magunia, na sijaona msimu ambao makato hayo yamesahaulika.

Najua linahitaji taratibu. Chama hakiwezi kukopa bila mkutano mkuu kupitisha ukomo wa madeni na Mrajis wa Vyama vya Ushirika kuidhinisha. Vyama vingi havina mtaji, na vingine vina historia ya fedha kupotea mikononi mwa viongozi, jambo ambalo wakulima hawajalisahau na wana haki ya kutolisahau. Ndiyo maana sisemi fedha ipite kwa mwenyekiti wala kwangu karani. Chama kikuu kikope benki kwa dhamana ya mazao, kilipe chuo. Sisi tuandike tu.

Sasa masomo yenyewe.

Kwa mtu aliyeishia darasa la saba, njia ipo: anasoma QT, akifaulu anasajiliwa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kwa binti aliyekatishwa na ujauzito, mlango wa shule ya kawaida umefunguliwa tangu Novemba 2021. Kwenye karatasi tumetosheka. Lakini vituo vingi viko mjini, na binti wa kijijini akipanda bodaboda kwenda na kurudi kila siku, nauli ya wiki inamaliza faida yote ya maandazi yake. Na mama wa miaka 23 hatavaa sare saa moja asubuhi akakae dawati moja na mdogo wake wa miaka 15. Mnaweza kumhimiza kwenye mikutano ya hadhara mpaka sauti ikauke. Atakuja saa kumi na moja jioni, akiwa na khanga yake na mtoto mgongoni, kama kuna mahali pa kuja.

Mahali papo. Karibu kila kata ina sekondari. Watoto wakitoka saa kumi, madarasa yanabaki na popo. Umeme umefika kwenye nyingi ya shule hizo. Walimu wengi ni vijana wanaoishi palepale jirani na shule, na posho ndogo ya jioni wasingeikataa. Kuanzia mwisho wa Februari mpaka Agosti, ukiondoa siku za palizi, jioni zetu hazina kazi ya maana. Vijana wanacheza bao na drafti, wanatazama mpira, wanangoja korosho. Hiyo ni miezi sita. Ukiipanga vizuri, masomo yote magumu yanaisha kabla ya Septemba, na Oktoba na Novemba mtu anabaki na kupitia daftari lake usiku tu.

Sisi tulijaribu. Tulikuwa kikundi cha watu wazima, wengi wanawake, tukaomba ghala la chama ambalo huwa tupu baada ya msimu. Ubao wetu ulikuwa mlango wa chuma wa ghala, upande wa ndani, na chaki tulipewa na mwalimu wa shule ya msingi. Tulikaa juu ya mafurushi ya magunia matupu, vumbi lake mnalijua, kila mtu anapiga chafya. Tulichanga fedha ya mwalimu kila wiki. Mwalimu alikuwa mzuri sana wa Hisabati, ila Baiolojia alikuwa anaisoma jana yake usiku ndipo anatufundisha, na alikuwa anatuambia hivyo hivyo bila kuficha. Aprili mchango ulianza kusuasua, Mei mwalimu akahamishwa. Shule ya kata ilikuwa umbali wa kutupa jiwe kutoka ghalani. Tulipoomba darasa moja tu tukajibiwa hakuna mwongozo.

Mwongozo, waheshimiwa, ndio ninaouomba. Waraka mmoja wa mkoa unaosema shule ya sekondari ya kata itatoa darasa la jioni kwa watu wazima pale watakapojitokeza kumi au zaidi, walimu walipwe posho kutoka mapato ya ndani, na ratiba ifuate msimu wa mahali hapo. Wenzetu wa Lindi minada yao ya ufuta huwa katikati ya mwaka, kwao ratiba itakuwa tofauti, na ndivyo inavyotakiwa iwe. Vyuo vya ufundi na vyuo vya maendeleo ya wananchi navyo vina kozi fupi. Zipelekwe Machi na Aprili, watu wakiwa na nafasi, badala ya kutangazwa Oktoba na kisha kusemwa kwamba vijana wa kusini hawapendi kusoma. Ada yenyewe kwenye vyuo vya ufundi stadi vya VETA, shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa, haijawahi kuwa tatizo kubwa. Tatizo ni chumba, chakula, vifaa, na kuacha msimu.

Kuna swali ambalo huwa naulizwa hata na mama yangu mzazi: unasoma ili iweje? Si korosho inalipa? Oktoba 2024 mnada wa kwanza wa huku kwetu ulivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na mwezi ule hapakuwa na pikipiki iliyobaki dukani. Mama alinitazama kama mtu anayepoteza muda. Na si mama peke yake. Kijana aliyemaliza chuo kikuu anaendesha bodaboda hapo stendi, kila mtu anamfahamu, na wazazi wanamwonyesha kwa kidole watoto wao wanapotaja chuo.

Sitamjibu mama kwa kumwahidi ajira. Sina ajira ya kumwahidi. Ila bei ile iliamuliwa na wanunuzi wa India na Vietnam, kwa mahesabu yao, na msimu wa kabla yake ilikuwa chini mno, watu haohao wakiuza mbuzi ili wale. Kula tunakula, kwa mwaka mwema na mwaka mbaya. Tunachoshindwa ni kuvuka hapo: kuweka akiba, kuandika mkataba wa kukodisha shamba bila kudhulumiwa, kusoma fomu ya benki kabla ya kuisaini. Mizani yangu iko mita chache kutoka kwenye mti wa mwembe ambapo wazee husubiri, na kila msimu kuna mzee anayenisogezea karatasi yake taratibu, watu wasione, ananiambia, “Mwanangu, hii hapa ndiyo kilo au ndiyo hela?” Ameilima mikorosho tangu kabla sijazaliwa. Nikiwa karani mwizi, na makarani wezi wapo, angejuaje?

Halmashauri zinatoa mikopo ya asilimia 10 kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, haina riba, ni jambo jema. Lakini inataka andiko la mradi, katiba ya kikundi, mchanganuo wa biashara. Kikundi chenye mtu mmoja aliyefika kidato cha nne kinapata. Kisicho naye kinamlipa mtu wa mjini amwandikie, na andiko linafanana na la vikundi vingine kumi, mpaka mradi wa kuku una bei za chakula cha kuku cha Dar es Salaam. Nimeyasoma maandiko hayo kwa macho yangu.

Hata gesi ilikuwa hivyo. Bomba lilipojengwa na kampuni zilipoingia mjini Mtwara, kazi za ulinzi na kubeba zilitufikia. Zenye mshahara wa kueleweka zilitaka vyeti. Viwanda vya kubangua korosho vilivyojengwa huku kuanzia miaka ya 1970 vingi viliishia kuwa maghala, na korosho yetu nyingi inaondoka ghafi. Mnasema mnataka ibanguliwe hapahapa. Nataka pia. Lakini kiwanda cha siku hizi kinataka fundi wa umeme, mpima ubora, mhasibu, mtu wa kutunza mashine. Mkianza kuwatafuta siku ya kukata utepe mtawatoa mikoa mingine, na akina mama wa hapa wataishia kulipwa kwa kilo ya korosho walizomenya, vidole vimeungua kwa mafuta ya maganda.

Kwa wabunge, neno moja la pembeni. Mpaka mwaka 2018 asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi inayouzwa nje ilikuwa inarudi kwenye zao lenyewe, kisha sheria ikabadilishwa fedha yote ikaingia Mfuko Mkuu wa Serikali. Mlipiga kelele Bungeni mwaka ule, tuliwasikia redioni hadi usiku. Siku fedha ya ushuru huo itakapozungumzwa tena mezani, mtaje na darasa la jioni. Kila mara korosho ikitajwa Dodoma inatajwa salfa, inatajwa magunia, inatajwa bei. Mwenye korosho naye ana kichwa.

Ninachotaka mfanye si vingi. Mkuu wa Mkoa aitishe kikao cha siku moja cha maofisa elimu ya watu wazima, maofisa ushirika, wakuu wa vyuo na mameneja wa vyama vikuu, waje na kalenda zao zote mbili, waziweke ukutani, waone zinapogongana. Wakurugenzi watoe ule mwongozo wa madarasa ya jioni. Vyama vikuu vijaribu kitangulizi cha elimu kwa vyama vya msingi vichache kwanza, vyenye hesabu safi, na majina ya waliokopeshwa yabandikwe ubaoni kama makato yanavyobandikwa. Kikiharibika, kiharibikie kwa wachache.

Vyama vyetu vya msingi hufanya mikutano mikuu ya makisio kabla ya msimu kufunguliwa. Ukomo wa madeni ukipita bila fungu hili, hatuwezi kuliingiza tena mpaka mwaka ujao, na mwaka ujao kuna watu wa Agosti wengine. Kwa hiyo majibu yenu yakija Septemba yatakuwa yamechelewa. Yakija Mei, nitayasoma mwenyewe kwenye mkutano, kwa sauti, na wazee wa pale mwembeni watauliza maswali.

Wenu katika ujenzi wa mkoa wetu,

Karani wa mizani,
Newala, Mtwara